Grafu Niliyoibandika Kwenye Ofisi ya Leseni

Ujinga wangu nauungama mapema: mwaka tisini na sita, nikiwa sekondari mwaka wa pili, nilibandika grafu kwenye mlango wa ofisi ya leseni mjini Jinja, nikaiangalia mara mbili, nikaona haina kasoro.

Nilitaka karani aumie. Sisemi aone haya kidogo. Aumie. Baba, askari magereza, alipohamishwa kutoka Mbale kuja Jinja, mama alifunga hoteli yake ya chai na chapati pale Malukhu, akakodi chumba Nalufenya ili aanze upya. Jiko tayari, mabenchi tayari, leseni hakuna. Na mwenye chumba alishachoka kungoja, akasema mwezi ule ukiisha bila leseni, anampa mtu mwingine.

Mama ni mtu wa kambi za askari, Kiswahili ndicho anachoamka nacho, na kwetu Uganda wengi walikijua kama lugha ya wanajeshi. Siku ya kwanza alisema tu, "Habari ya kazi, bwana," karani akakunja uso.

"Zamani nyinyi mkisalimia hivyo sisi tunaruka dirisha," akamwambia. "Leo mimi nimekaa. Rudi kesho, afande."

Afande! Mama yangu hajawahi kushika hata filimbi. Akaadhibiwa kwa makosa ya majeshi yote yaliyopita nchini, kesho baada ya kesho.

Basi nikafanya utafiti. Mama mdogo, anayeuza mitumba Busia upande wa Kenya, alijibu barua yangu: leseni siku nne. Mjomba, kinyozi wa Mwanza, wiki mbili, na eti analalamika. Mbale, mama mwenyewe, wiki tatu. Jinja, muhula mzima na nusu, na bado.

Nikachora vinguzo vya rangi kama tulivyofundishwa kwenye jiografia. Cha Kenya kilikuwa kifupi kama kigoda. Cha Tanzania kikafika magotini, cha Mbale kiunoni. Cha Jinja kilimaliza karatasi nne kubwa nilizounga kwa gundi, kikapita juu ya mlango, na kileleni nikamweka karani amelala, mdomo wazi, meno yote nimeyahesabu. Chini yake nikaandika: HOTELI YA MAMA YANGU.

Nilibandika Jumapili. Jumatatu nikatoroka shule nikajipanga kwenye foleni na yunifomu yangu, niione sura yake.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mmoja wa Mafubira, mwenye kutaka saluni, akachomoa kalamu.

"Na mimi je? Miezi mitano! Sogea, niandike."

Akaandika jina lake na miezi yake. Mwenye baiskeli za kukodisha akafuata, kisha muuza dawa, kisha foleni nzima. Karani alipofika akataka kuichana, mzee mmoja Mwislamu akamshika mkono taratibu: "Bwana, ngoja. Mimi bado sijaandika."

Utamu wake siwezi kuueleza. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Mkubwa wake akatoka, akasoma kuanzia chini hadi juu, akaamuru: kila aliyeandikwa hapa apewe leseni yake wiki hii. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, na mama nikamwambia aende Jumatano, amevaa gauni zuri.

Alikwenda. Karani akapitisha kidole kwenye majina, polepole, akifurahi.

"Hapa kuna 'mama yangu', afande. Mama yangu mimi alikufa zamani. Wewe unaitwa nani? Mbona jina lako silioni?"

Kila aliyeandika jina alipata. Mwezi ukaisha, na chumba cha Nalufenya kikachukuliwa na yule mama wa saluni, leseni mkononi. Karani nitampata tu, hilo aelewe. Lakini jioni ile alipotolewa chumbani, mama aliingia na masufuria kichwani, akayatua mbele yangu, akanitazama, akasema:

"Karatasi nne umejaza, rangi umemaliza, meno ya karani umechora moja moja. Jina la mama yako ndilo limekosa nafasi?"