Dakika Moja ya Kumkumbuka Rose

Niliombwa kuandika historia ya shule niliyosomea, pembeni mwa mji wa Kakamega. Wiki nzima nilimtafuta Rose Nekesa, jina la kwanza katika rejista ya kwanza. Hakuna aliyemjua. Kila mchana mpishi, Mama Wafula, alinipakulia githeri na kunitania, "Mwandishi, bado unaandikanga tu?"

Nikakata tamaa, nikaamini alishafariki. Ijumaa gwarideni, kwa sauti ya majonzi, niliwaomba wanafunzi wanyamaze dakika moja kumkumbuka marehemu Rose.

Katikati ya kimya kile, mwiko uligonga sufuria.

"Marehemu gani?" Mama Wafula alifoka kutoka jikoni. "Rose ni mimi! Nani hapa ameshawahi kuniuliza jina langu?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka.

"Lete kalamu, mwanangu. Tulianza watoto wanane, chini ya turubai."