Nilitafsiri Uongo, Dada Yangu Akaanguka

Kosa ni langu, sina wa kumbebesha. Nilimziba dada yangu mdomo mbele ya watu waliotaka kumsaidia, naye ameketi hapo hapo pembeni yangu.

Ni dada yangu mkubwa, namwita yaya kama tulivyozoea kwetu Kongo. Alipata kiharusi mwaka mmoja kabla ya korona, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Tunaishi wawili Liverpool, ile ya Australia. Mimi nafanya kazi ghalani, Wetherill Park.

Afisa wa msaada wa walemavu alipiga simu kuandika malengo ya yaya. Akasema mkalimani yupo. Nikamkataa. Waswahili hapa tunajuana, sikutaka mtu asikie ya nyumbani kwetu.

"Muulize, mwaka huu anataka kufikia nini?" afisa akasema, simu ikiwa kwenye spika.

Yaya akajibu polepole. "Mwambie nataka kuoga mwenyewe bila kuogopa kuanguka. Na nifike kituo cha basi, niende kanisani bila kusubiri mtu."

Mimi nikasema, "Anataka kuwa na furaha na afya njema."

"Na kuoga?" afisa akauliza.

"Hakuna shida. Namsaidia mimi."

Yaya anasikia Kiingereza kidogo. Akanikazia macho. "Ndivyo nilivyosema?"

"Ni vilevile," nikamjibu.

Mpango ukaja: mtu wa kufagia nyumba, saa chache tu. Hakuna wa kuja kuangalia bafu. Hakuna vyuma vya kushikia ukutani.

Kisha tukafungiwa ndani kwa ajili ya korona. Helikopta za polisi zikizunguka juu ya mitaa yetu, na kina mama wa kanisa, ambao kwa kweli ndio waliokuwa wakimwogesha, wakakatazwa kuja. Mimi ghala halikufungwa. Nilitoka asubuhi, nikimwacha peke yake.

Wiki moja nikaona alama nyeusi begani kwake.

"Niligonga mlango," akasema.

Nilijua si mlango, ni bafu. Nikavaa barakoa, nikaenda kazini.

Alhamisi ile nilirudi, nikakuta maji yanatoka chini ya mlango wa bafu. Yaya alikuwa sakafuni tangu asubuhi, nyonga imevunjika, sauti imemkauka kwa kuita. Gari la wagonjwa likamchukua. Hospitali haikuruhusu wageni, nikabaki kuongea naye kwa simu.

Alipotoka, afisa akapiga tena. Kabla sijafungua mdomo, yaya akasema kwa Kiingereza chake: "Mkalimani. Si mdogo wangu."

Akaniomba nitoke chumbani. Nikatoka.

Sasa malengo yameandikwa kwa maneno yake, na vyuma viko ukutani. Lakini zile hatua chache alizokuwa nazo hazikurudi. Anaogeshwa kitandani.

Wewe unayemsemea mgonjwa wako, nakuomba. Sema siku yake mbaya ilivyo. Taja bafu, taja choo, taja kuanguka. "Furaha" haimletei mtu chuma cha kushikia. Na kama una aibu kama niliyokuwa nayo mimi, mpe mkalimani simu, kwa sababu aibu yako haitakuwepo nyumbani kumwinua siku atakapoita.