Baba Aliyekufa Mara Mbili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi cherehani, na mtaani kwao alijulikana kwa jina moja tu: Fundi Kola. Mikono ya shati ikizidiana kidogo atakwambia itakaa yenyewe, lakini kola ikilala upande hapati usingizi mpaka aifumue. Maneno hana. Ukimuuliza habari za asubuhi, anafikiri kwanza. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa ajieleze uwanja wa ndege wa ugenini, aeleweke, la sivyo arudishwe na ndege ileile iliyomleta. Na kurudi kwake kulikuwa kufa, tusifichane.

Kule kwao alishona pamoja na baba yake mkubwa. Siku moja wakaja watu na majora ya kitambaa, wanataka washonewe sare za askari, kibali hawana. Mzee akakataa. Waliporudi hawakuja na kitambaa. Fundi alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akasikia kila neno. Mzee aliokotwa mtaroni kesho yake, na haukupita muda wakaanza kumuulizia Fundi mwenyewe mtaani. Dada yangu akakimbilia kwa wazazi, yeye akapanda ndege kuja huku ninakoishi mimi.

Kwenye dirisha la pasipoti alisema neno alilolikariri njia nzima: naomba hifadhi. Wakampeleka kwenye chumba kisicho na dirisha. Wakamvua mkanda, wakamvua kamba za viatu, na futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. Maskini, alikuwa amesahau kwamba ameivaa.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, si mkali hata kidogo. Ubaya wake ni mmoja, kila neno alilishika. Mkalimani hakuwepo, ilikuwepo sauti yake tu kwenye simu iliyowekwa mezani, sauti ya mtu mwenye haraka zake.

"Wazazi wako wazima?"

"Mama yupo. Baba alifariki kabla sijaanza shule."

Wakaenda hivyo mpaka wakafika kwenye mkasa wenyewe.

"Wakamchukua baba," Fundi akasema. "Wakamuua."

Ofisa akaweka kalamu chini. Simu ikasema, "Anauliza, baba yako amekufa mara ngapi?"

"Huyu ni baba mkubwa, kaka! Mkubwa wake baba."

Sijui simu ilifasiri nini, ila swali lililorudi lilikuwa hili: huyo baba mwenye mwili mkubwa ndiye aliyekufa kwanza, au ni yule mwingine?

"Ndugu yangu," mkalimani akasema, "usinitie kwenye matatizo. Hawa hawana baba wawili. Nimwambie ni mjomba, yaishe?"

"Mjomba wangu ni kaka yake mama. Yuko hai, na ni mlevi. Usimwingize!"

Na hilo nalo likafasiriwa. Ningekuwepo ningecheka, halafu ningelia. Mezani sasa palikuwa na baba wawili, mmoja wao mnene, na mjomba mlevi aliyefufuka bila kufa.

"Anasema maelezo yako yanapingana," simu ikasema. "Yakibaki hivi, jioni unaondoka. Sasa nisikilize vizuri. Aliyeuawa ndiye aliyekuzaa?"

"Hapana."

"Basi mwambie hakuwa baba yako. Sema hivyo tu."

Fundi akakwama. Aliponisimulia haya jikoni kwangu nilimpandishia. "Shemeji, si ungesema tu! Neno hilo lina nini?" Lakini mimi nilikuwepo kwenye harusi yake, na ninakumbuka ni nani aliyekaa kwenye kiti cha baba, na shati alilovaa, na jinsi alivyokuwa akilia bila haya mbele ya wakwe. Nikaona haya mimi.

"Hakuwa baba yangu," akasema mwishowe.

Ofisa akaandika. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Halafu akakumbuka swali moja: wale watu waliporudi dukani, mzee aliwaambia nini?

Haya hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yangu. Aliyatoa polepole, macho yakiwa kwenye ile simu.

"Walimuuliza, mwanao yuko wapi? Akasema, 'Mimi sina mtoto. Yule alikuwa kibarua tu, nilishamfukuza.'"

"Akasema hivyo na wewe uko pale?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia."

Simu ikafasiri. Ofisa akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kabisa, kama mtu aliyepata ufunguo wake baada ya kuutafuta nyumba nzima.

"Anasema sasa ameelewa, kila kitu kinakubaliana," mkalimani akasema, naye akashusha pumzi. "Hata marehemu mwenyewe alisema wewe si mtoto wake."

"Ndiyo," Fundi akasema. "Alisema hivyo."

Wakamrudishia mkanda, kamba za viatu na futi yake, wakamruhusu aingie mjini asubiri kesi. Jioni ndege ikaruka bila yeye. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe. Kola ya shati lake ilikuwa imelala upande mmoja, na hakuigusa.