Gauni Jekundu la Sandukuni

Kiondo kikinyeshewa hutoa harufu ya mkonge, na kila nikiisikia harufu hiyo narudi Masii, sakafuni kwa Susu, mama mzaa mama, sanduku lake la bati likiwa wazi mbele yetu. Hasira nayo hunirudia, siwafichi.

Nilikuwa na miaka kumi. Kila likizo Susu alinitolea nguo za sanduku hilo moja moja. Kwanza kipande cha shuka nyeusi ambayo mama yake alijifunga begani, enzi ambazo mwanamke alipambwa na shanga zake. Kisha gauni la Susu mwenyewe, la marinda, lililofika vifundoni, alilovaa siku aliyobatizwa. Mwisho, likiwa limekunjwa kama chapati, gauni jekundu la sufu lililofumwa kwa mkono, fupi ajabu. Hilo mama yangu alilivaa alipokuwa msichana mjini Machakos.

“Umeona vile kitambaa ilikuwa inapungua?” Susu aliniuliza akicheka. “Wewe sijui utavaa nini.”

Nilijua nitavaa nini. Mama niliyemfahamu mimi alikuwa ameokoka, sketi zake zilifagia vumbi, na suruali kwa msichana hakutaka hata kuisikia. Kumwazia akikatiza mjini magoti nje kulinifurahisha kuliko Krismasi. Susu akaniahidi kwamba nikimaliza darasa la sita gauni litakuwa langu, ila nifunge mdomo. Niliufunga kwa wiki moja hivi. Halafu nikawatambia watoto wa jirani, na waliokataa kuamini nikawaonyesha kwa mkono lilipoishia.

Desemba ya darasa la sita nilifika kwa Susu nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Gauni halikuwamo. Susu alikuwa uani akisuka kiondo, na miguuni pake palikuwa na donge la uzi mwekundu. Alikuwa amelifumua lote, vile wanawake wa kwetu hufumua sweta kuukuu wapate rangi ya kusukia.

“Lakini ulisema ni yangu.”

“Na ni yako. Hii kiondo ni yako.”

Kiondo, cha kubebea mbaazi. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilimwita mwongo, yeye mtu mzima, nyanya yangu, na yeye akaendelea kusuka. Likizo yote sikumsalimu. Sijawahi kusalitiwa hivyo tena, na nimeolewa mara mbili.

Susu alishatuacha. Mwaka jana mama alinitembelea kwangu Katelembo, akakiona kiondo ukutani, akapitisha kidole kwenye mistari yake myekundu.

“Nilikuwa na gauni ya rangi kama hii,” alisema. “Niliposikia umeanza kuitangaza kwa majirani, nilimwambia Susu aichome. Akaniambia ameichoma.”

Kumbe Susu alibanwa kati ya binti aliyetaka gauni liwe majivu na mjukuu aliyelitangaza mtaa mzima, akamdanganya mmoja ili ampe mwingine kilichowezekana kuokolewa. Matusi yangu aliyameza peke yake. Hata hivyo gauni nililitaka, na bado nalitaka.

“Hii nyuzi Susu alitoa wapi?” mama aliuliza.

“Sijui, mama,” nilimjibu. Safari hii nilifunga mdomo.