Kigoda Kando ya Chungu cha Mama

Nyumba yetu ya Mukuju ilikuwa karibu mno na barabara, na hilo ndilo lililoniharibu. Kila gari lililotoka Tororo nililisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia, kisha nikabaki na jembe mkononi na hasira kifuani. Mama alisema nilizaliwa na upele wa miguu. Nilipomaliza shule nikarudi nyumbani kungoja sijui nini, upele huo ulizidi. Nilichota maji yasiyohitajika. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nikamaliza, nikaanza tena upande wa pili. Sikuweza kukaa.

Halafu basi la watalii likaanza kusimama kwetu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wageni walishuka Nairobi, wakapakiwa kwa makundi kwenda kutazama wanyama na maporomoko ya maji kwetu Uganda, na kwa kuwa safari ni ndefu, ilibidi njiani waonyeshwe kitu. Waliopitia Kisumu walionyeshwa soko la Busia. Wote walionyeshwa Jiwe la Tororo, ule mwamba mkubwa ulioinamia mji, wakalipiga picha kana kwamba lilikuwa karibu kuondoka. Mwishowe waliletwa kwa mama, waone jinsi Wateso tunavyozunguka chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu. Waliletwa kwa mama kwa sababu malwa yake yalisifika, na kwa sababu dereva wa basi hilo alipata pancha siku moja mbele ya nyumba yetu, akaomba maji ya kunawa, naye mama akampa na chai.

Dereva mwenyewe alikuwa kijana wa mjini Tororo, Mwislamu, wa ukoo wa watu wa malori. Babu yake alikuja na kazi ya reli kutoka pwani akasahau kurudi. Pombe hakuigusa. Kazi yake pale kwetu ilikuwa kutafsiri, na mama alimwekea kigoda kando ya kiti chake, na kikombe cha bati chenye ua jekundu ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukitumia, hata baba.

Sijapata kuona watu wawili wakifurahiana namna ile. Wageni walikuwa hawajui adabu za chungu. Walipuliza mirija mpaka povu likafoka, waliishika kwa mkono wa kushoto, waliinuka kuchungulia ndani. Mama hukunja uso, akamgeukia dereva kando yake.

"Dereva, ambia hii mzee ya tumbo kubwa asiangalie ndani ya chungu. Samaki hapana huko."

Dereva naye, sura kavu kama ya kadhi, huwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mama amefurahi sana kuwaona, na anawaombea safari njema. Mama Kiingereza hakukijua, ila alijua kwamba maneno yake yamegeuzwa. Alicheka mpaka leso ikamponyoka begani. Wageni walicheka pia, bila kujua wanacheka nini, yule mwenye tumbo akiwa wa kwanza.

Mimi nilipita na birika nikiongeza maji ya moto, na nilikuwa sicheki. Nilimpenda yule kijana. Tulikuwa tukizungumza nyuma ya basi alipokuwa akitia maji kwenye rejeta, akinihadithia Mubende, Fort Portal, Mombasa. Sitadanganya: nililipenda basi kwanza, dereva baadaye. Lakini huyo wa baadaye alinishika vibaya zaidi.

Ami zake walikuja kuposa. Baba, mtu mpole aliyerudi kila jioni kutoka kiwanda cha saruji na kope nyeupe, aliwaambia kwamba jibu litatoka kwa mama. Mama akasema atafikiri. Mvua za kupandia zikaja zikapita, wimbi likavunwa, na yeye bado anafikiri. Majirani walisema ni mambo ya dini. Siku moja nilichoka, nikamuuliza waziwazi.

"Dini?" akasema, mikono yake ikiwa kwenye kimea. "Baba yako nilipompata hakuwa na dini yoyote. Niache nifanye kazi."

Hapo ndipo nilipoona lilipo tatizo. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke hawaketi kwenye chungu kimoja. Hawaingii nyumba moja. Hata wakikutana njiani, mmoja hugeuza uso na mwingine huingia majanini, na hiyo ndiyo heshima. Kwa hiyo dereva hakuweza kuwa mkwe na kuwa na kigoda kile. Mama alikuwa hajamkataa. Alikuwa anampenda kupita kiasi, ndiyo maana hakutaka kumpa binti yake. Na kila dereva alipoketi kando ya mama mbele ya watu, alikuwa anatangaza kwa kijiji kizima kwamba mimi si chochote kwake.

Nilimkabili nyuma ya basi.

"Usikae tena pale."

"Nisipokaa, mama atasema nimemdharau mbele ya wageni. Nao watatafsiriwa na nani?"

"Hilo si langu. Shangazi yangu anashona nguo Nakuru, na ameshaniita. Ukikaa tena kwenye kigoda kile, gari litakalofuata nitapanda mimi, na halitakuwa lako."

Alifunga kifuniko cha rejeta, akapanda basi. Alikuwa mwepesi wa maneno kwa kila jambo isipokuwa hilo.

Wiki zilizofuata sikujua kulala wala kula. Nguo zangu nilizifunga, nikazifungua, nikazifunga. Nilipokuwa nikisaga wimbi nilisikia injini hata kama ni nyuki. Hasira yangu iligawanyika: nusu kwa mama, nusu kwa yule mwoga wa kofia ya kitambaa, na makombo yake kwa baba aliyenitazama na kunyamaza.

Basi likaja asubuhi yenye jua kali. Kundi lilikuwa kubwa, likiongozwa na mama wa Kizungu mwenye kofia pana ya ukili ambaye alikuwa amewahi kuja na alijifanya mwenyeji. Vijana walikuwa wameshaanza kupiga akogo, vinanda vyao vidogo vya vidole, na kina mama wa jirani walikuwa wamejipanga kwa ajili ya kucheza. Wageni wakazunguka chungu. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Chai ilikuwa imekwisha kumiminwa kwenye kikombe chenye ua.

Dereva alishuka wa mwisho. Mama alikipigapiga kigoda kwa kiganja.

"Dereva! Kuja. Chai nakuwa baridi."

Alitembea mpaka pale uwanja uliofagiliwa ulipoanzia, akasimama. Nililishika birika kwa mikono miwili. Yule mama wa kofia akamwita kwa Kiingereza, akionyesha kigoda, akitaka picha ya watu wote pamoja. Dereva alivua kofia yake. Akageuka polepole, akatupa mgongo, akarudi barabarani na kusimama upande wa pili wa basi, miguu yake tu ikionekana chini.

Wageni walidhani anaumwa. Kina mama wa jirani hawakudhani. Mmoja alijiziba mdomo. Vidole vya wapiga akogo vilisimama, na kila mwenye macho alimtazama mama, maana jambo lililobaki lilikuwa lake. Akimwita tena kwa nguvu na kumlazimisha, amemkataa kuwa mkwe mbele ya watu.

"Dereva," mama aliita. Aliita kwa sauti ndogo ambayo isingeweza kuvuka uwanja.

Alingoja. Aliitazama ile miguu chini ya basi. Kisha akatoa leso begani, akajifunika kichwa mpaka puani, akakigeuza kiti chake kikaelekea ukuta wa jiko.

Vigelegele vililipuka mpaka kuku wakatawanyika. Wageni waliinua kamera zao wakapiga picha kwa furaha, wakidhani haya ni sehemu ya ngoma waliyoletewa kuitazama. Yule mama wa kofia aliniuliza maana yake. Nilikaa kwenye kigoda, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kutafsiri, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule. Nilieleza kila kitu kama kilivyo, sikugeuza neno. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyecheka kwenye chungu kile siku hiyo, na wageni wakanywa kimya kama wako kanisani.

Walipoanza kurudi garini, mama aliita jina langu bila kugeuka.

"Chukua chai hii umpelekee huko huko aliko. Na umwambie mkwe wangu asiegeshe tena basi lake mlangoni kwangu."

Alisema mkwe wangu. Nilikichukua kikombe chenye ua jekundu, nikavuka uwanja nikijizuia kukimbia, miguu yangu ikijua kwamba safari hii haitaishia barabarani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilitamani kupiga kelele.

Nyuma yangu kina mama walikuwa bado wanapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele hivyo nilimsikia mama akisema, peke yake, akiuelekea ukuta. Hakusema kwa Kiteso. Alisema kwa Kiswahili, ambacho hakuwahi kukizungumza na mtu mwingine yeyote pale nyumbani isipokuwa dereva.

"Sasa mimi nacheka na nani?"