Mgeni wa Bombani Nyalenda

Mume wangu alipoleta mwanamke nyumbani akasema ni binti wa shangazi yake, nilimtazama tu. Binti wa shangazi gani huyo anayefua mashati ya mwanamume huku akiimba? Nikambeba msichana wangu wa miaka sita. Nyumba ya mabati tuliyojenga pamoja nikaiacha, hata cherehani yangu nikaiacha, nikapanga chumba kimoja Nyalenda na kuanza kuuza omena, vile visamaki vya ziwani. Yeye akaenda mahakamani Kisumu kudai mtoto. Nilipoulizwa kuhusu mali nilisema, "Vyote akae navyo. Mtoto siachi."

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho, na mawakili nilikuwa nawaona tu wakipita na makoti yao. Aliyenieleza mambo ni karani mmoja mzee. "Mama," akasema, "kuna mambo mawili. Kwa mila zenu, kama ng'ombe wa mahari hawakutolewa, mtoto ni wa kwenu. Kwa sheria, hakimu anaangalia mtoto atalelewa vizuri wapi." Nilicheka. Ng'ombe? Yule bwana aliwahi kuleta mbuzi mmoja na maneno mengi! Nilirudi nyumbani nikijua nimeshinda.

Jumapili moja, watu wametoka kanisani, jamaa zake wakaswaga mitamba wawili hadi kwa kaka yangu Asembo Bay. Miaka yote hiyo ya ndoa hawakukumbuka, wakakumbuka kesi ikiwa kortini! Na kaka yangu akapokea. Kwetu mahari hulipwa hata watu wakishazeeka, na kumrudisha ng'ombe aliyefika langoni ni matusi makubwa.

"Ulitaka nifukuze wageni waliokuja kwa heshima?" kaka akaniuliza.

"Heshima gani? Umemuuza mpwa wako!"

"Aa, wacha hayo maneno. Ng'ombe ni ng'ombe."

Kama ndugu wa tumbo moja ameweza kunifanyia hivyo, nani mwingine nimwamini? Tangu siku hiyo niliona mkono wa mume wangu kila mahali. Wifi alimletea mtoto viatu vya shule, nikavigeuzageuza, nikavirudisha. Jirani akiuliza mtoto amekula nini, najiuliza kama ametumwa. Nikamwambia binti yangu, "Mtu usiyemjua akikuuliza kitu, chochote, nyamaza kabisa."

Hakimu alikuwa amesema afisa wa watoto atakuja kuona tunavyoishi. Mimi nikamngoja mwanamume mwenye gari la serikali na faili kwapani. Nilifagia chumba kila asubuhi, nikatandika shuka yangu nzuri.

Basi siku moja tuko kwenye foleni ya maji, mwanamke akaja kwa miguu, mkoba mweusi begani, viatu safi mno kwa matope yetu. Akasalimu vizuri, akataja jina langu. Akauliza kama tunamjua, anauza omena, ana msichana mmoja. Nikasema moyoni, huyu ametumwa na mume wangu aje kumchukua mtoto.

"Huyo alihama," nikamjibu. "Alienda Awasi na mtoto wake."

Wanawake wote pale walinijua. Hakuna aliyepepesa jicho. Mmoja hata akaongeza, "Kweli, ni wiki jana tu." Ndivyo tulivyoishi Nyalenda: mgeni akimtafuta jirani yako, unamficha kwanza, sababu utauliza baadaye. Yule mama akaandika kwenye kitabu chake kidogo, akashukuru, akaenda zake. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya kesi yule mama akaingia na mkoba ule ule, akakaa mbele, karibu na hakimu. Kumbe ndiye afisa wa watoto! Ripoti ikasomwa: mama amehama, majirani wamethibitisha, mtoto hakuonekana. Kwa baba kuna kitanda chake, na shule iko karibu.

Nikaruka juu. "Mheshimiwa, nilidanganya! Ni mimi mwenyewe nilimwambia hivyo!"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. "Mama," akasema, "ng'ombe wanaoletwa kesi ikiendelea hawanibabaishi. Nilitaka tu kujua mtoto anaishi vipi."

Akamwita binti yangu, akainama, akamuuliza kwa upole anataka kukaa na nani. Mtoto akanitazama, akafunga mdomo. Akaulizwa mara ya pili. Mara ya tatu. Yawa! Nilitaka kupiga kelele, huyu mjibu, huyu ni sawa! Lakini askari alikuwa amesimama kando yangu, na mtoto alikuwa ananitii.

"Kama umeweza kuificha serikali mtoto," hakimu akaniambia, "nitaaminije kwamba hutamficha baba yake?" Akampa mume wangu mtoto. Mimi nikapewa Jumamosi moja kwa mwezi.

Mpaka leo najiuliza ni nani aliyemwelekeza yule mama bombani wakati nyumba yangu ilikuwa imefagiliwa, inamngoja. Najua huko ni kutafuta mtu wa kulaumu, lakini bado najiuliza. Jumamosi zangu mbili za kwanza nilimwona. Ya tatu nikaambiwa ana homa. Halafu akapelekwa shule ya bweni mbali, na mwenye kunionyesha njia ya huko hakupatikana. Nilirudi kwa yule karani mara nyingi, akaniambia nilete malalamiko kwa maandishi. Niliandika. Ng'ombe wa Asembo walizaa, kaka yangu akauza maziwa.

Binti yangu alikuja mwenyewe miaka kumi na moja baadaye, msichana mrefu, amemaliza mtihani wake wa mwisho wa sekondari. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Nikalia, nikamshika uso, nikamvuta ndani ya chumba. Alinipa mkono, akasema shikamoo kwa sauti ya watu waliofunzwa adabu. Kisha akabaki amesimama karibu na mlango, nyumbani kwa mama yake, akingoja nimwambie akae wapi.