Siku Niliyochambua Kahawa ya Watu

Nitawaeleza, lakini mkicheka mcheke polepole, kwa sababu aibu yenyewe bado haijapoa na nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya hapa Witeithie na watu ambao hata hawakuwepo. Kuna anayesema niliiba kahawa. Kuna anayesema niliimwaga. Sikuiba na sikumwaga. Niliichambua tu, na pengine hilo ni baya zaidi, maana mwizi angalau anajua anachofanya.

Yote yalianzia kwenye kiti. Nilipewa kiti, nikakikataa.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Binti yangu Njeri, yule kitinda mimba, alimaliza chuo akakaa nyumbani miaka miwili akituma barua za kazi (mimi nikiombea kila barua, na Mungu akinyamaza), mpaka siku moja akaitwa kwenye lile jumba kubwa la sanaa upande wa Ruiru, lile lililokuwa ghala la kahawa zamani kabla hawajalipaka rangi nyeupe na kulitia vioo. Kazi yenyewe ni kutembeza wageni, kundi kwa kundi, akiwaeleza picha hii maana yake nini na ile nayo ilichorwa kwa nini. Lakini walisema watamjaribu kwanza: Jumamosi moja, kundi moja, na mkubwa wa pale akifuata nyuma kumsikiliza. Akifaulu, kazi ni yake.

Mimi ni mama yake, ningekaaje nyumbani? Nikasema nitaenda.

"Mum, kuja," akaniambia, "lakini usinijue. Please. Usiniite jina, usiniombee mbele ya watu, usiniletee chakula. Kuwa tu mgeni kama wale wengine."

"Sawa," nikamwambia. (Viazi vitamu nilikuwa nimeshachemsha. Niliviacha mezani, na hilo ningependa likumbukwe kwa upande wangu.)

Sasa, siku iliyotangulia nilikuwa Gatuanyaga kwenye kashamba kangu, napalilia maharagwe, na jua la kule mnalijua, na vumbi la kule pia mnalijua, nikarudi miguu imevimba, na asubuhi nikaisukuma hivyo hivyo ndani ya viatu vya kanisa. Kufika pale mlangoni tukapewa chai kwenye vikombe vya karatasi, na mama mmoja mfanyakazi wa pale akaniletea kiti cha kukunja, chepesi, cha kubeba mkononi. "Mama, tembea na hiki," akasema, "huko ndani kuna kusimama kwingi." Nikatazama huku na huku. Tulikuwa watu kama kumi na watano na hakuna mwingine aliyepewa kiti. Nikaona nitaonekana kikongwe siku kubwa ya binti yangu, nikasema, "Asante, mimi bado niko na nguvu." Nguvu gani? Hata kikombe cha chai kilikuwa kinanilemea.

Njeri akatokea na koti la buluu, akatusalimia, akajitambulisha, macho yake yakanipita bila kutua. Nilijua ndivyo tulivyopatana. Hata hivyo iliniuma. Lakini alipoanza kusema, wacha niwaambie, nilisahau miguu kwa dakika kumi nzima, kwa sababu yule mtoto anayenijibu "sijui" kila nikimwuliza chochote alikuwa anaongea mbele ya watu wazima na wananyamaza, anawauliza maswali na wanajibu. Mkubwa wa pale, mama mwembamba wa miwani, alikuwa nyuma yetu na daftari, akiandika. Nilijaribu kuchungulia nikaona ameandika vitu vingi. Sikuona kama ni vizuri au vibaya.

Chumba cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha (kulikuwa na ukuta mzima umepakwa rangi nyekundu na hakuna kingine, tukasimama kuutazama robo saa), na tulipoingia cha tatu miguu ilikuwa imekataa kabisa. Njeri akatupanga tutazame picha ndefu ukutani, yeye akiwa mbele kabisa, na mimi nikabaki mwisho, nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi ya pili, nikavuka kamba moja ndogo ya katani iliyokuwa chini, nikahisi meza mgongoni. Nikaegemea. Ahsante Yesu. Nikageuka kuona nimeegemea nini.

Ilikuwa kahawa.

Meza ndefu, ya kimo kile kile cha meza za kazi yangu ya zamani, imejaa kahawa iliyokobolewa, imetandazwa vizuri, na imejaa uchafu! Punje nyeusi, punje zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, nyingine za kahawia zilizooza, zimelala katikati ya nzuri bila wasiwasi. Ninyi mnanijua. Miaka ishirini na miwili nilichambua kahawa kule Thika, tukiwa tumejipanga wanawake kwa mstari, nyapara akipita nyuma ya migongo yetu, na akiona punje moja nyeusi mbele yako anarudisha karai lote na wenzako wanakutazama. Ukifanya kazi hiyo vya kutosha, mkono unaona kabla ya jicho. Mpaka leo siwezi kupika githeri nikiwa nimetulia; maharagwe nayachagua mara mbili, na nikienda kwa watu nayachagua yao.

Kwa hivyo siwezi kuwaambia nilianza saa ngapi. Najua nilikuwa namsikiliza Njeri, nikiwaza anaongea vizuri, nikiwaza mkubwa amesogea mbele kumsikia, hilo ni jambo jema, na nilipoangalia chini kikombe changu cha chai, ambacho nilishakimaliza, kilikuwa kimejaa punje mbovu hadi nusu na mbele yangu kahawa ilikuwa imetakata.

Hapo ningeacha. Sikuacha kwa sababu kando yangu nilisikia mtu akisema, "Haiya, hata wewe?"

Alikuwa mama mmoja wa Kalimoni, amevaa kitambaa cha umoja wa kina mama wa kanisa lao. Akaniambia yeye pia alichambua, miaka sita, akaolewa akaacha. "Kumbe ndio maana wametupa vikombe," akasema, na mikono yake ikaingia. Na mzee mmoja Mhindi wa Thika, mtu mpole wa koti la kijivu aliyekuwa amekuja na mkewe, akatuona, akafikiri hapa ndipo wageni wanaruhusiwa kujaribu kazi ya zamani kwa mikono yao, akakunja mikono ya koti.

"Mama, hii yangu iko na tundu," akaninong'oneza. "Ni mbovu?"

"Ni mbovu, baba. Toa."

"Na hii?"

"Hiyo ni nzuri. Rudisha."

Mkewe akamvuta koti, mzee akakataa kuvutika. Wakaja wengine wawili. Nawaambia ukweli wa Mungu, kwa muda huo nilifurahi. Nilikuwa najua kitu mahali pale ambapo tangu asubuhi sikuwa najua chochote, na watu wananiuliza mimi, na hata nilimkemea mmoja kwa kutupa punje nzuri (nyapara mzima!). Sikusikia Njeri akisema, "Sasa tupande juu." Sikuona nusu ya kundi ikipanda ngazi pamoja na mkubwa.

Kumbe ile kahawa ilikuwa picha. Ukiwa chini huoni kitu, unaona kahawa chafu tu. Ukipanda kule kwenye roshani ukitazama chini, zile punje nyeusi zinakuwa uso wa mwanamke, uso mkubwa, meza nzima. Ndicho kitu walichokuwa wametoka mbali kuja kuona, na Njeri alikuwa amekiwekea maneno yake bora zaidi, nilimsikia akiyafanyia mazoezi bafuni wiki nzima bila kuelewa anazungumzia nini.

Nikasikia sauti yake kutoka juu, tamu kabisa: "Na sasa nawaomba mtazame macho yake..."

Nikainua uso. Vichwa saba au vinane vimeinama kwenye roshani, vyote vinanitazama, na katikati ni cha mwanangu, mdomo wazi. Uso wa yule mwanamke, nilikuja kuelezwa, ulibaki na jicho moja. Pua ilikuwa kwenye kikombe changu. Mdomo alikuwa nao yule mama wa Kalimoni.

"Nani huyo?" mkubwa akauliza. Hakupaza sauti. Akashuka ngazi pole pole, Njeri nyuma yake, na kila mtu pale mezani akaondoa mikono isipokuwa mimi, mimi bado nilikuwa nimeshika punje moja kati ya vidole viwili. "Mama, umekuja na nani?"

Nilimwona Njeri akishuka. Nikawaza ile miaka miwili, zile barua zote. Nikasema, "Nimekuja peke yangu. Sijui mtu hapa."

"Ni mama yangu," Njeri akasema.

Jamani. Kama ardhi ya Ruiru ingepasuka ningeingia na viatu vyangu vya kanisa. Yule mkubwa akamtazama, akanitazama, akafunga daftari. Akapiga simu, na baada ya muda akaja msanii mwenyewe aliyeipanga ile picha, mwanamume wa ndevu, akasimama mezani, akachungulia kikombe changu, akachungulia cha mzee. Mimi nikaanza kuomba msamaha kwa Kiswahili na Kikuyu vikiwa vimechanganyika.

"Mama, hakuna mbaya hata moja uliyoacha upande huu," akasema. "Umemaliza." Akajipangusa uso. "Huyu wa mezani ni cucu, nyanya yangu. Alichambua kahawa maisha yake yote. Siku ya kufungua tulimwambia asije, kwa sababu tulijua angefanya hivi hivi."

Sikujua kama nicheke. Mkubwa hakucheka, kwa hivyo sikucheka.

Yule wa ndevu alikuwa na picha kwenye simu, ya vile uso ulivyokuwa. Tukaanza kurudisha, punje moja moja, tangu adhuhuri mpaka jua likaanza kuzama, na nimefanya kazi ngumu maishani lakini hakuna iliyonichosha kama kuchukua kahawa mbovu kwa mkono wangu mwenyewe na kuilaza tena katikati ya nzuri. Kila punje mkono ulikataa. Yule mzee wa Thika alibaki kusaidia, mkewe akamsubiri nje kwa hasira. Njeri alishika simu akituonyesha pa kuweka, bila kusema neno zaidi ya "juu kidogo" na "hapo." Yule mama wa mlangoni akaja na kile kiti cha kukunja akakiweka nyuma yangu, na safari hii nikakaa.

Tulipokuwa tunatoka nikamwambia Njeri, "Si ulisema tusijuane? Mbona ukasema?"

"Nilikwambia wewe usinijue, Mum," akajibu. "Sikusema mimi nitakukana." Akafunga zipu ya mkoba wake, tukaenda.

Wiki iliyofuata walimpigia. Wamempa kazi, lakini si ile. Anakaa pale mlangoni anapokea wageni na kuwapa vile vikombe vya chai, na habari ya kutembeza watu, wamesema wataona baadaye, labda. Anasema hajakasirika. Ningependa akasirike, tungemaliza. Badala yake anarudi jioni ananiuliza, "Mum, miguu iko aje?" na mimi nakosa pa kuweka uso.

Kiti nikipewa siku hizi nakaa, popote, hata kama sijachoka, na mikono naikalia. Lakini kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Jumatatu ile nilipokuwa nafua sweta yangu, kwenye pindo la mfuko nilikuta punje moja nyeusi, ya jicho la kushoto, nadhani, kwa sababu hapo palibaki pengo dogo na sote tukasema ni sawa tu. Asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini, Njeri akiwa mlangoni kwetu anafunga viatu, nilikuwa nimeishika mfukoni, nikataka kumwambia aipeleke, airudishe pale mahali pake pawe sawasawa. Kisha nikamtazama na lile koti lake la buluu. Nikaiachilia mfukoni, nikamwambia aende salama. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi: katika kazi ya mtoto wangu mkono wangu hautaingia tena, hata kwa kurekebisha.